Tumbo la Mzee

Jumatatu, 9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nitazitafuta mwishoni. Kwanza nikutoe wasiwasi: mwanao yu hai, anaongea, na sasa hivi amemwuliza muuguzi kwa nini viatu vyake vinalia kama bata. Sasa keti usome.

Leo mchana Mzee ameanguka na ile baiskeli. Ile uliyomletea wewe, ambayo nilisema ni kubwa ukanijibu kwamba mtoto hukua. Alikuwa anateremka kile kilima cha nyuma ya duka langu la ushonaji, gurudumu la mbele likageuka, ncha ya usukani ikamwingia tumboni. Haikumchoma, wala damu haikutoka. Alinyanyuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaja kukaa chini ya cherehani yangu kimya. Unajua tulimwita Mzee kwa sababu alizaliwa na kipara na uso wa kununa, lakini mdomo wake ni wa kasuku. Akinyamaza kuna jambo. Nilipomfunua shati nikaona alama ya mviringo juu ya kitovu, utadhani mtu amempiga muhuri.

Kaptula za shule za watu niliziacha mezani, nikafunga duka. Shemeji yako akatupeleka hospitali na gari la kazini kwao. Wamempima damu, wamempaka yale mafuta baridi ya kipimo cha picha, na daktari amesema ini zima, wengu mzima, damu haijavuja ndani. Ametapika mara moja tu. Wamemlaza ili wamwangalie.

Nimeandika badala ya kupiga, maana mimi na wewe simu imetushinda. Kila tukipigiana, mmoja anaishia kumkatia mwenzake. Dereva wa basi la jioni, yule anayekuletea nguo, atakuachia hii getini pamoja na gauni lako nililolipunguza kiuno. Usije mbio, una mtihani wako. Mimi nipo.

Dada yako


Jumanne, 10 Juni

Dada,

Mwanangu ameumia jana mchana, mimi nimejua leo asubuhi getini, kwa mkono wa dereva wa basi, chini ya gauni. Nina mengi ya kusema juu ya hilo, na nitayasema siku nyingine.

Nilipomaliza kusoma nilipiga simu wodini. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mama wa yule mtoto aliyeumizwa na baiskeli. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hapana, mama yake yupo hapa, anamsimulia hadithi." Nilikuwa nimesimama koridoni na koti langu jeupe, wanafunzi wananingoja. Nikasema asante, nilikuwa nauliza tu. Ningemkasirikia yule muuguzi ningepona. Ninayemkasirikia ni wewe na hadithi zako.

Sasa nisikilize, maana kazi ninayoisomea ni hiyo hiyo ya kupasua matumbo ya watoto. Ini zima na wengu mzima, sawa, lakini usifurahi bado. Kipimo kile kinaona damu iliyomwagika; tundu dogo la utumbo linakipita. Mtoto hana kitambi wala misuli ya kumkinga. Usukani ukimwingia, utumbo unabanwa kati ya chuma na uti wa mgongo. Pengine unatoboka pale pale. Pengine unavilia tu, kila mtu anaona mambo mazuri, halafu ile sehemu iliyokatiwa damu inakufa polepole na kutoboka siku kadhaa baadaye, wakati watu wameshamshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Hiyo alama ya mviringo ndiyo inayoninyima raha.

Kwa hiyo asile wala kunywa mpaka daktari aseme, hata akulilie. Nakujua wewe na machozi yake. Tumbo lishikwe na mtu mmoja, yule yule, asubuhi na mchana na jioni. Mikono ikiwa mingi, kila mmoja anasema lake na hakuna anayejua kama hali inabadilika. Moyo ukianza kukimbia akiwa ametulia, homa ikipanda, akitapika kijani, au tumbo likikaza, wampige picha akiwa amesimama, waone kama kuna hewa iliyotoka nje ya utumbo. Wasimpe dawa ya kumnyamazisha wakaondoka.

Nimeomba ruhusa, nakuja Alhamisi. Na ulikuwa unaangalia wapi, Dada, yeye akiteremka kilima? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mdogo wako


Jumatano, 11 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuwa naangalia sindano ya cherehani, isinipite kidoleni. Na wewe miaka yote hii umekuwa ukiangalia wapi? Nauliza tu, kama ulivyomwuliza muuguzi.

Umeniletea methali, na mimi ninayo ya kwangu: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali zimekwisha, sasa tuzungumze tumbo.

Daktari wake ni yule bingwa wa upasuaji wa watoto mwenye kipara. Anakuja mwenyewe asubuhi, mchana na jioni, hamwachii mtu mwingine. Kwa hiyo habari ya mkono mmoja wanaijua hata huku kwetu, hukuhitaji kuja juu. Shida ni Mzee mwenyewe. Akiona koti jeupe tu anakaza tumbo kabla hajaguswa. Amemwambia daktari wa watu, "Mikono yako umeitoa kwenye friji." Daktari akacheka, lakini akaniambia pembeni kwamba hawezi kujua kama tumbo ni gumu kwa maumivu au kwa woga, na hilo linamsumbua.

Ndipo akaniomba niweke mkono wangu tumboni kwa mtoto, naye akaweka wake juu ya wangu, akabonyeza kupitia vidole vyangu. Mdogo wangu, lile tumbo lililegea kama unga uliokandwa ukaachwa upumzike. Akabonyeza huku na kule, Mzee anaendelea kunieleza habari za kinyonga aliyemwona. Daktari akawaambia wauguzi, "Kipimo changu kizuri kuliko vyote humu ndani ni mkono wa mama yake." Sikumsahihisha.

Leo amepewa maji ya kijiko na hakutapika. Kuhusu Alhamisi, kama mtihani umekubana, usijitese. Hali ni shwari. Nimemwambia Mzee kwamba Mama Daktari wake anakuja, akaniuliza kama unakuja na sindano.

Dada yako


Ijumaa, 13 Juni

Dada,

Jana tuliachana bila kuagana, kwa hiyo acha nianzie hapo.

Njia nzima kwenye basi nilikuwa nimeweka mikono mapajani ili ipate joto. Kazi yangu ndiyo hiyo, kushika matumbo ya watoto wa watu. Ninajua kuketi niwe sawa na macho ya mtoto, ninajua kuzungumza mpira kwanza, ninajua kuanza mbali na panapouma. Yote niliyafanya kwa Mzee. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, Mama Daktari," kama anavyomsalimu mwalimu. Nikaweka mkono, na tumbo la mwanangu likanikazia kama ubao.

Niliona tundu pale pale. Niliona usaha, nikaona namzika. Nikapiga kelele apelekwe upasuaji, nikamwita daktari mwenye kipara mzembe mbele ya wagonjwa wake. Yeye alikuambia wewe uweke mkono. Likalegea. Moyo sawa, homa hakuna, picha safi. Ndipo akaniambia taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari mbaya, "Daktari, tumbo halina kitu. Anamwogopa mgeni tu."

Mgeni. Wewe ukainamisha uso, lakini mdomo wako niliuona. Ulikuwa unajizuia kutabasamu. Usikatae, Dada, nimelala na wewe kitanda kimoja utoto mzima, nakujua unavyocheka kimoyomoyo.

Nilikuachia Mzee akiwa hajaota jino, baba yake ameshakwenda zake na masomo hayangoji mtu. Nilikushukuru. Hadi leo nakushukuru, na kila nikikushukuru naumia, maana shukrani zote ni kwa mambo ambayo ningeyafanya mimi. Nikimaliza mtihani, mwezi wa nane, namchukua. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Sasa lile la maana, ulisome ukiwa umeacha kucheka. Mkono wako anaupenda mno, na hapo ndipo penye hatari. Siku tumbo likimwuma kweli, atajilegeza kwa ajili yako na kukuambia haliumi ili usihuzunike. Watoto huwafanyia hivyo watu wanaowapenda. Mimi hawezi kunifanyia. Kwa hiyo usiuamini mkono peke yake. Ukiwa umemshika, mwangalie vidole vya miguu. Kisha mwambie akohoe kwa nguvu. Mtoto ambaye tumbo lake limechafuka hakohoi, anakutazama tu. Ningempigia daktari nimweleze mwenyewe, ila kwa maneno niliyomtupia naona haya. Mwambie wewe.

Mdogo wako


Jumamosi, 14 Juni

Mdogo wangu,

Simu nimeshakupigia na najua uko njiani. Barua hii nitakupa mkononi ukifika, au nitaificha nisikupe kabisa, bado sijaamua. Naiandika kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji kwa sababu mikono inataka kazi na sina cha kushona.

Barua yako ilikuja na basi la asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikakasirika, hasa pale pa tabasamu, kwa sababu ni kweli. Mzee alikuwa ameamka mkimya. Nikasema ngoja nimwonyeshe huyu bingwa wa barua. Nikaweka mkono, tumbo likalegea kama kawaida, nikajiambia, umeona? Halafu nikaangalia vidole vya miguu, kukutimizia tu. Vilikuwa vimejikunja vyote, vimelikamata shuka.

Nikamwambia, "Kohoa, Mzee wangu." Akanitazama. Nikamwambia tena. Akasema, "Haliumi, Mama," na chozi likamtoka.

Sikumbuki nilivyomfikia daktari. Nakumbuka nilikuwa sina viatu. Alikuja akamshika kifundo cha mkono, moyo ulikuwa unakimbia. Wakamsimamisha kwenye mashine ya picha, mimi nimemshikilia makwapa kwa sababu hakutaka kunyooka. Daktari akaniita nione: chini ya mbavu palikuwa na weusi mwembamba uliopinda kama mwezi mchanga. Akasema hiyo ni hewa, imetoka kwenye utumbo, kuna mahali pametoboka leo au jana usiku, na lazima wafungue sasa hivi.

Akaniuliza, "Nani alikufundisha habari ya kukohoa?" Nikamwambia mama yake. Akanitazama kama hajaelewa. Nikamwambia ndiyo, yule mgeni.

Wamo ndani. Wewe ungekuwa hapa ungejua sasa wanafanya nini, wamefika wapi, kimya hiki ni kizuri au kibaya. Mimi ninachokijua ni mlango, una rangi ya kijani na umebanduka pale kwenye kitasa. Nimekaa nakuonea wivu kwa kila kitu unachokijua. Juzi nilikuwa nacheka, ni kweli, na leo huo mkono niliojivunia nimeukalia.

Fika salama. Dereva umwambie akimbize, lakini si sana.

Dada yako


Jumapili, 22 Juni

Dada,

Nimefika, na kesho asubuhi ni mtihani. Nilipaswa kusoma, badala yake nakuandikia wewe, kwa sababu kuna jambo nataka liwe kwenye karatasi lisije likabadilishwa na masimulizi.

Najua tulikuwa wote pale wodini, lakini tulikuwa tunapishana kama walinzi wa zamu, hatukuzungumza. Kwa hiyo nikueleze vizuri walichofanya, maana daktari alinieleza mimi kwa lugha yetu na wewe ulikuwa unatikisa kichwa tu. Pale usukani ulipobana, utumbo ulivilia, ukakosa damu, ukafa mahali padogo na kutoboka. Amekata kipande kifupi kuliko kidole changu, akaunganisha ncha mbili nzima, akaosha tumbo lote. Hakuhitaji kumtolea utumbo nje wala mfuko wa choo ubavuni, kwa sababu uchafu ulikuwa haujaenea. Angechelewa siku moja, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nilimwomba msamaha. Akaniambia kama ningekuwa sikupiga kelele angenitilia shaka.

Baada ya hapo ukaja ule utumwa wa kusubiri. Utumbo ukipasuliwa unasusa, unalala, na dalili ya kwanza kwamba umeamka ni hewa kutoka. Wauguzi walisema kwa adabu, "Ametoa hewa?" Sisi wengine tulikuwa tunasubiri Mzee ajambe, basi. Hospitali nzima imesimama kwa ajili ya ushuzi wa mtoto mmoja. Shemeji kila jioni anapiga simu, "Vipi, serikali imetoa tamko?" Mzee mwenyewe, na ule mrija puani, akakataa hata kutabasamu kwa kuwa mshono ulimvuta.

Ile asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimetoka kuoga, nywele zinachuruzika. Wewe ulikuwa unakunja shuka dirishani, umenipa mgongo. Mzee akaniita, "Mama Daktari, njoo karibu usikie." Nikainama. Kikaja kimoja kirefu, cha mtu mzima mwenye familia. Nilikaa kitandani nikalia mpaka muuguzi wa viatu vya bata akaja mbio akidhani kuna msiba.

Dada, hatua yake ya kwanza uliiona wewe. Neno lake la kwanza ulilisikia wewe, lilikuwa Mama, na hakuwa ananiita mimi. Jino lake la kwanza lilikuuma wewe. Asiyekuwepo na lake halipo, sina ninayemlaumu. Lakini kwa hili nilikuwepo. Aliniita mimi. Hili ni langu, na nakuomba usiwasimulie watu kana kwamba ulikuwa wewe.

Habari ya mwezi wa nane iko pale pale.

Mdogo wako


Alhamisi, 26 Juni

Mdogo wangu,

Ni lako. Nimeshamwambia shemeji yako, nimemwambia fundi mwenzangu, nimemwambia hata jirani anayeuza mkaa ambaye hakuniuliza: mama yake ndiye aliyekisikia. Jirani alinitazama sana.

Wametupa ruhusa jana. Anakula kidogo kidogo, analalamika sana, kwa hiyo amepona. Mshono nimeukagua. Umenyooka, siwezi kumtoa makosa daktari, ila mimi ningetumia uzi mwembamba zaidi. Baiskeli nimeitundika ukutani. Anaitazama kama mbwa anavyomtazama aliyemfunga.

Sasa hilo la mwezi wa nane. Nilikuandikia barua ya kukukatalia. Niliiandika kichwani nikishona kaptula, na ilikuwa kali, ungelia. Ndani yake nilikuhesabia kila homa niliyokesha nayo, kila kiatu kilichombana, kila mara aliyoota ndoto akanikimbilia. Nilipofika mahali pa kukuambia kwamba wewe si mama wa mtu, nikaviona tena vile vidole vya miguu. Niliushangilia mno mkono wangu, mdogo wangu. Niliupenda kuliko nilivyomwangalia yeye. Wewe uliyekuwa mbali, umefukuzwa kama mgeni, umekasirika, ndiye uliyemwona.

Basi mchukue. Kituoni sitakuja, atawaleta shemeji yako, maana mimi nitawaaibisha mbele za watu. Nitakuwa nyumbani nakuonea wivu, na nisipofanya hivyo ujue naumwa.

Kitu kimoja, na sikuwahi kukuambia kwa sababu nilikuwa sitaki ukijue. Ulipoondoka, hakunitaka. Wiki ile yote alilia akikutafuta mlangoni, na kila nikimshika alikuwa anajikaza mwili mzima, tumbo gumu, mgongo mgumu, kama gogo. Nilianza na nyayo. Ana mtekenyo upande wa kushoto, chini ya kidole gumba. Akicheka, ndipo nikapanda magotini, siku nyingine mgongoni, na tumbo likawa la mwisho kabisa. Kwa hiyo siku ile wodini alipokukazia, ulikuwa unafanyiwa yale niliyofanyiwa mimi, nami nilikuwa nalijua hilo, na bado nikacheka.

Anza na nyayo.

Dada yako


Jumapili, 24 Agosti

Dada,

Mtihani nimefaulu, nimekuambia kwa simu, na kwa mara ya kwanza hatukukatiana. Lakini hili la leo siwezi kulisema kwa simu.

Mzee yuko salama. Shule amepata rafiki mmoja na adui wawili, anasema inatosha. Mimi bado ni Mama Daktari. Juzi nilimsikia sebuleni anaita, "Mama," nikatoka jikoni mbio na mikono ina sabuni. Alikuwa ameshika simu, anaongea na wewe. Nikajifanya nimekuja kuchukua kitambaa.

Nyayo zimefanya kazi. Upande wa kushoto, chini ya kidole gumba, kama ulivyosema. Magotini tulifika wiki ya pili. Jana nilikuwa namwogesha, nikasahau, nikapitisha mkono tumboni juu ya kovu, na lilikuwa laini. Niliendelea kumpaka sabuni pale pale mpaka akaniuliza kama kuna mahali pengine nitaosha.

Kwa furaha nikaanza kujivuna. Nikamkumbusha siku ile ya Ijumaa, nimetoka kuoga, alivyoniita nikasikie cha kwanza. Akacheka mpaka maji yakamwagika. Akasema, "Lakini hicho hakikuwa cha kwanza."

Nikamwuliza kwa vipi. Akasema, "Cha kwanza kilitoka ukiwa bafuni. Mama akaruka, akajiziba mdomo kwa shuka. Halafu akaniambia, kingine kikija kibane, kibane kabisa, mpaka mama yako atoke kuoga. Niliumia, lakini nilibana."

Nikamwuliza, alisema "mama yako"? Akasema ndiyo, wewe.

Nilimfunga taulo nikamtoa, nikabaki bafuni nimekalia ndoo. Nilikuwa na hasira na wewe, Dada, sikufichi. Nilikuwa na kitu kimoja tu changu katika maisha yote ya huyu mtoto, kumbe na hicho ulikikunja dirishani pamoja na shuka ukanipa. Nikakuandikia barua nzima ya majivuno, ukanijibu "ni lako", ukaenda kumtangazia hadi muuza mkaa. Umenizidi kwa kumlea, sasa umenizidi hata kwa kunyamaza. Nimewahi kukuonea wivu kwa ulichonacho. Sijawahi kukuonea wivu kwa ulivyo. Huu wa sasa sijui niuweke wapi.

Kwa hiyo njoo. Jino lake la chini la mbele linalegea, na ndilo la kwanza kung'oka. Tangu asubuhi analisukuma kwa ulimi huku na kule. Nimemwambia aache, atafunie upande mwingine, asiliguse kwa kidole wala kwa uzi, mpaka Jumamosi mama yake afike na basi. Akanitazama, akaniuliza nani huyo. Nikamwambia unamjua.

Amekubali kungoja, ila anasema jino lenyewe halijakubali. Ukikosa basi la asubuhi panda la mchana. Tutalizuia mpaka jioni, Dada; likipita hapo nitaling'oa mwenyewe.

Mdogo wako